Nembo ya kifuniko cha regyuleta inabanduka kila ikirudi Arusha: kosa la gundi, plastiki au mwinuko?

#1 Pezi_la_Sakina
Wakuu, salama? Regyuleta ya kuzamia, hatua ya pili, ile ya mdomoni. Katikati ya kifuniko cha mbele kuna nembo ya duaradufu, plastiki nyembamba ya rangi ya fedha, urefu sentimita 3, upana 2. Imebanduka. Hewa inatoka vizuri, kibonyezo cha kupulizia kinafanya kazi, kilichotoka ni urembo tu. Imeshagundishwa na supaglu mara 2. Tanga inakaa siku zote za kuzamia bila shida. Ikifika Arusha, ukifungua begi unaikuta imelala chini peke yake. Supaglu mbovu, nihamie Araldite, au kuna jambo silijui? Ushauri wa "nunua kifuniko kipya" naomba ukae pembeni kwanza.

#2 ChaliiWaChuga
Araldite mkuu, ile gundi ya tyubu mbili. Changanya nusu kwa nusu, paka, bandika, kesho umesahau.

#3 Bi_Oringi
Kabla hamjafika kwenye gundi, kifuniko kivuliwe. Kwenye aina nyingi ni pete ya kuzungusha kwa mkono. Kama yako inataka kifaa chake, mpelekee mwenye nacho, usitumie bisibisi.

Sababu ni hii: kifuniko kina matundu ya kupitisha maji, mengine yako pembeni kabisa ya kitako cha nembo (kile kishimo inapokaa), na milimita chache nyuma yake kuna diaframu, utando wa silikoni. Tone la gundi likipenya na kutua kwenye kile kisahani cha katikati, linagandia palepale. Likitua ukingoni haliishiki silikoni, ila linabaki punje ngumu inayozuia diaframu kukaa sawasawa, na hapo unakunywa maji. La katikati nalo linaweza kuifanya hewa imwagike yenyewe au uvute kwa nguvu kuliko kawaida.

Vua kifuniko, toa diaframu, itie kwenye mfuko safi mbali na jua. Hesabu matundu yaliyo wazi sasa hivi. Ukimaliza yawe idadi ileile.

#4 Mkemia_Tengeru
Mleta uzi, swali moja kabla ya mengine yote: supaglu iliyokauka imebaki upande gani? Mgongoni mwa nembo, kwenye kifuniko, au nusu huku nusu kule?

Ikibaki pande zote mbili, gundi yenyewe ndiyo iliyokatika: iliwekwa nene mno, au imezeeka. Ikibaki upande mmoja tu, yule msafi ndiye aliyeikataa, na hapo kubadilisha gundi bila kujua alikataa kwa nini ni kupoteza hela. Angalia pia ndani ya kifuniko, huwa kuna herufi ndogo za aina ya plastiki.

#5 Pezi_la_Sakina
Asante. Yote imebaki mgongoni mwa nembo, ukoko mweupe kama chokaa, unang'oka kwa kucha. Kifuniko ni kisafi, kinang'aa kama hakijawahi kuguswa. Herufi za ndani zimesagika, inasomeka P tu.

#6 Mkemia_Tengeru
P tu ni sawa na kuniambia unamtafuta mtu Arusha, jina linaanzia na M. Inaweza kuwa polipropilini, nailoni (PA), polikaboneti au nyingine. Hata plastiki ngumu ya ABS ukiichanganya na polikaboneti inaanzia na P.

Kwangu mtuhumiwa namba moja ni polipropilini. Uso wake una mafutamafuta kwa asili, supaglu na Araldite zote zinakauka juu yake zikiwa zimelala tu, hazijashika. Pima hivi: kwangua kipande chembamba cha plastiki upande wa ndani, kisichozidi punje ya mchele, kitumbukize kwenye glasi ya maji ya kawaida yenye tone la sabuni. Sabuni ni muhimu, la sivyo viputo vya hewa vinakibeba na utadanganyika. Kikielea ni polipropilini au polithini. Kikizama ni kimojawapo cha hao wengine.

Kikizama, kishike kwa koleo ukiguse na moto, nje, mbali na pua. Moshi mweusi wenye masizi yanayoruka: ABS au jamii yake. Harufu ya nywele au kwato inayoungua: nailoni.

#7 SegeraKona
Mnazunguka mbuyu. Mwenyewe kasema Tanga inakaa, Arusha inabanduka. Ni hewa! Chini ya nembo kuna kiputo. Kimefungiwa usawa wa bahari, ukikipandisha mita 2,000 kinavimba na kuisukuma nembo nje. Kina cha mita 30 nacho ni bar 3 za mgandamizo, kiputo kinabanwa, kinaachiwa, kinabanwa, gundi inachoka.

#8 FundiUngaLtd
#7 wazo si baya ila hesabu zinyooke. Arusha mjini ni mita 1,400 hivi, siyo 2,000. Na mita 30 ni bar 4: maji 3, hewa ya juu 1.

Sasa pima hilo kiputo lako. Hewa ya Arusha ni kama bar 0.85, kwa hiyo hewa iliyofungiwa Tanga ikifika hapa inataka kutanuka kwa karibu asilimia 18. Tofauti ya mgandamizo ni bar 0.15. Nembo ya sentimita 3 kwa 2 ya duaradufu ina eneo la kama sentimita za mraba 4.7. Hata kiputo kikijaa chini yote, nguvu ya kuisukuma ni gramu 700 hivi. Supaglu iliyoshika haiachii kwa gramu 700.

Na kule chini baharini maji yanaikandamiza nembo kwenye kifuniko, hayaivuti.

#9 SegeraKona
Mita na bar nimekubali. Ila umesema wewe mwenyewe "iliyoshika". Huyu haijashika, imelala tu, Mkemia kasema. Gramu 700 zinatosha kumwamsha aliyelala. Tena hazivuti nembo nzima kwa pamoja, zinaanzia ukingo mmoja dhaifu kama mtu anavyomenya ndizi. Supaglu ikikauka ni ngumu kama kioo. Kuvutwa moja kwa moja inavumilia, kumenywa haivumilii.

#10 NjiroBaharini
Mbona hakuna aliyetaja gari? Begi jeusi, buti ya gari, Tanga mpaka Arusha zaidi ya kilomita 400, na pale Segera watu wanasimama kula gari likiwa juani. Plastiki nyembamba ya nembo inatanuka kivyake, kifuniko kinene kivyake, supaglu katikati haina mnyumbuko. Nembo haikubanduka Arusha. Imebandukia njiani, Arusha ndipo alipofungua begi.

#11 ChaliiWaChuga
Hapo #10 umemaliza. Kesi imehamia polisi wa Segera 😂

#12 Mkemia_Tengeru
Haijamaliza. Kwa nini basi gundi yote iende na nembo, kifuniko kibaki kisafi? Joto lingepasua gundi katikati, angalau baki kidogo lionekane huku na huku. Tusubiri kipande kwenye glasi.

#13 KiboMoshi
Niko Moshi, kazi ni mabuti ya mlimani, ila viatu vya kuzamia vya neoprini vinaletwa pia, soli ikiwa imeachia puani. Naongeza upande huo, gundi ni ndugu.

Kwa soli ya mpira juu ya neoprini, supaglu na Araldite zote hapana. Neoprini ni sponji yenye viputo vilivyofungwa. Ukishuka inabanwa inakuwa nyembamba, ukipanda inarudi. Gundi ngumu inakatika kwenye mstari. Hapo ni gundi ya neoprini ya kopo, nyeusi au ya manjano, ile inayopakwa pande zote mbili:

Kwangua gundi ya zamani mpaka iishe. Soli piga msasa namba 80 mpaka mng'ao uondoke, neoprini usiisugue kwa nguvu, itachanika. Ifute tu kwa kitambaa chenye spiriti. Paka tabaka jembamba pande zote, acha dakika 10 mpaka 15. Neoprini inanywa, kwa hiyo paka la pili. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikivuta bila kuacha gundi kidoleni, ndiyo saa yenyewe. Kutanisha kuanzia puani kwenda kisiginoni, mara moja, hakuna kurekebisha. Gongagonga kwa nyundo ya mpira, kisha funga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli kuzunguka kiatu chote, saa 24. Maji baada ya siku 2.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni haraka. Watu wanakutanisha gundi ikiwa bado mbichi, kimiminika kinabaki kimefungiwa ndani, na soli inateleza ukitembea.

#14 Pezi_la_Sakina
Mkuu #13, na buti za mlimani zilizoachia soli baada ya kukaa stoo miaka, gundi hiyohiyo?

#15 KiboMoshi
Inategemea. Bonyeza ile tabaka ya katikati, kati ya soli ya chini na ngozi. Ikiwa inamegeka kama chapati ya juzi, ni poliyurethani iliyoliwa na unyevu wa hewa. Hapo hakuna gundi duniani, utagundisha unga kwa unga, itatoka na mgeni akiwa njiani kwenda kambi ya Horombo, Kilimanjaro. Inang'olewa yote na kuwekwa nyingine. Ikiwa bado nzima na gundi tu ndiyo imekufa, utaratibu wa #13 unafaa. Chekesho lake, buti inayovaliwa kila wiki hudumu kuliko iliyotunzwa kabatini.

#16 MtungiMtupu
Naunga hapahapa. Ile nyumba ya mpira inayoshika geji ya mtungi imepasuka, geji inacheza. Nimefikiria kuijaza silikoni ya madirisha nyuma yote ishike. Vipi?

#17 Bi_Oringi
#16 simama hapo hapo. Geji ya mgandamizo ina kizibo kidogo cha usalama mgongoni. Bomba la ndani likivuja, hewa ya bar 200 inajaa ndani ya kasha, na kile kizibo ndicho kinachotoka ili kioo cha mbele kisilipuke usoni mwako. Ukikifunika kwa silikoni umekifunga. Mgongo wa geji haupakwi kitu chochote, hata kibandiko cha jina.

Pili, silikoni ya madirisha inayonuka siki inatoa asidi ikikauka, inakula shaba, na chini ya kromu ya geji ni shaba nyeupe. Mpira uliopasuka shona kwa uzi wa kuvulia samaki, mishono 4 au 5, au funga kwa mikanda ya plastiki ya kubania nyaya. Sura mbaya, kazi safi.

#18 MtungiMtupu
Asante sana dada, nimeiweka silikoni chini.

#19 ChaliiWaChuga
Swali la kizalendo: maji ya Arusha yana floridi mpaka meno yetu yana rangi ya chai. Hayawezi kuwa yanakula gundi mnaposuuza vifaa?

#20 FundiUngaLtd
Floridi inayotosha kuharibu meno ya mtoto ni miligramu chache kwa lita, gundi haitambui hata kama ipo. Kinachoacha alama ni chumvichumvi nyingine za maji ya visima: ukianika bila kufuta, unapata madoa meupe kwenye kifuniko cheusi. Meno yako usiyasingizie regyuleta.

Chumvi ya bahari ndiyo yenye kesi. Ikikauka kwenye ule mwanya wa ukingo wa nembo, fuwele zinakua na kunyanyua ukingo kidogo kidogo. Loweka kwenye maji matamu vuguvugu angalau nusu saa, kifuniko cha vumbi cha hatua ya kwanza, ile ya kwenye mtungi, kikiwa kimefungwa, na kibonyezo usikiguse kikiwa majini kama regyuleta haina hewa. Kusuuza kwa bomba dakika moja hakuyeyushi kilicho nyuma ya nembo. Hii naiweka kuwa sababu ya nne.

#21 Pezi_la_Sakina
Majibu ya maabara ya Sakina: kipande kimezama, moja kwa moja, sabuni ilikuwepo. Moto: moshi mweusi, masizi yameruka mpaka kwenye kuta za jirani.

#22 Mkemia_Tengeru
Basi nimeanguka. Si polipropilini, inaelekea ni ABS au mchanganyiko wake, na supaglu hupendana sana na ABS. Kwa hiyo kuna kitu juu ya uso kilichoizuia. Swali: kuna dawa ya silikoni ya kupuliza inatumika kwenye vifaa hivyo? Ile ya kung'arisha, au ya kulainisha zipu na mipira?

#23 Pezi_la_Sakina
Ipo. Hupuliziwa vifaa vyote kabla ya kwenda stoo, ili mipira isikauke.

#24 Bi_Oringi
Alaa! Hiyo ndiyo. Na hata bila kesi ya nembo, acha. Mafuta ya silikoni yanavimbisha mpira wa silikoni wenyewe, na diaframu yako ni ya silikoni. Grisi ya silikoni ni kwa oringi, zile pete za mpira, zinazohitaji tu, kiasi cha kuzifanya zing'ae, siyo kumwagia begi zima.

#25 SegeraKona
Silikoni ilikuwepo, Tanga nembo ilikaa siku zote. Silikoni haina ramani. Bado narudi kwenye mwinuko.

#26 NjiroBaharini
Na mimi kwenye buti ya gari.

#27 FundiUngaLtd
Yote yanaweza kuwa kweli kwa zamu. Tufike kwenye tiba.

Kusafisha: anza na maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia na sabuni ya vyombo, mswaki laini, mara 2. Usianze na msasa, utaisaga silikoni iingie kwenye mikwaruzo na hapo haitoki tena. Ikishakauka ndipo msasa namba 400, ndani ya kitako cha nembo tu, weka utepe wa karatasi kuzunguka usichubue nje. Malizia na spiriti kwa kitambaa kipya. Asetoni na tina marufuku, zinayeyusha ABS, na polikaboneti inapata nyufa kama utando wa buibui. Mtihani wa mwisho: dondosha tone la maji kwenye kitako. Likitandaa uso uko tayari, likisimama duara kama shanga rudia sabuni.

Mgongoni mwa nembo toa ule ukoko kwa ukucha na kijiti cha mbao. Ukitumia kisu utakata ile rangi ya fedha kutoka nyuma.

Gundi: mimi nisingerudi kwenye kitu kigumu. Chukua ule mkanda wa sponji wa pande mbili wa akriliki, mweusi au kijivu, unaobandikia nembo za magari. Maduka ya urembo wa magari wanao. Pima kina cha kitako kwanza. Kikiwa milimita 1 na nembo yenyewe ni milimita nusu, mkanda wa milimita 1.1 utaiacha imetokeza na kila kamba itaikwangua. Tafuta wa milimita nusu. Kata ukiwa mdogo kuliko nembo kwa milimita 1 pande zote, bandika, kandamiza kwa kidole gumba sekunde 20. Kwenye joto la kawaida la chumba unafika nusu ya nguvu baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, yote baada ya saa 72. Julai asubuhi Arusha ni baridi, fanya kazi hii mchana au pasha kifuniko kwa hewa ya kukaushia nywele, kwa mbali.

#28 Mkemia_Tengeru
Naongeza chaguo: gundi ya poliyurethani ya kuzibia suti za kuzamia, kama Aquaseal. Inabaki kama mpira, inakauka kwa unyevu wa hewa, ipe saa 24. Matone 3 tu, ukizidisha inafurika ukingoni. Ubaya wake ni kwamba tyubu ikishafunguliwa inagandia humohumo. Ifunge vizuri, itie kwenye friza.

Na kwa atakayeng'ang'ania supaglu: tone moja, nyembamba, dirisha wazi. Ule ukungu mweupe unaotokea kwenye plastiki nyeusi ni mvuke wake unaotua pembeni, unatokana na kuweka nyingi.

#29 SegeraKona
Samahani, sponji si nayo ina viputo vya hewa? Mnanifungia viputo elfu badala ya kimoja 😀

#30 FundiUngaLtd
Inayo, vimefungwa. Ila vinanyumbuka pamoja na mkanda, kuna mahali pa kwenda.

#31 SegeraKona
"Mahali pa kwenda" siyo fizikia. Lakini sawa.

#32 Bi_Oringi
Maadamu mwinuko umetajwa mara kumi kwa ajili ya nembo, utajwe mara moja kwa ajili ya mwili. Kiputo kinachovimba kwa asilimia 18 chini ya plastiki kwa sehemu kubwa ni nitrojeni ileile mliyonayo kwenye damu. Mwongozo wa kusubiri kabla ya kuruka na ndege, saa 12 baada ya mzamo mmoja usio na vituo vya lazima vya kusubiri wakati wa kupanda, saa 18 baada ya mizamo ya kurudiarudia au siku kadhaa, unahusu mwinuko kuanzia mita 600 hivi. Barabara haijui kama wewe si ndege. Ukifika Same umeshaupita, na Arusha uko ndani yake kabisa. Kuzamia asubuhi Tanga na kulala Sakina, hapa Arusha, usiku uleule hapana.

#33 KiboMoshi
Hiyo #32 ibandikwe kwa Araldite.

#34 Pezi_la_Sakina
Mrejesho. Sabuni mara 3, tone la maji la kwanza lilisimama shanga, la pili shanga, la tatu likatandaa. Msasa, spiriti, mkanda wa milimita nusu, saa 72 zimetimia jana. Haitikisiki. Diaframu imerudi, matundu ni yaleyale 8. Tatizo ni moja: nembo imekaa kichwa chini.

#35 ChaliiWaChuga
😂😂😂 Samaki watasoma.

#36 NjiroBaharini
Ukiwa umeinama chini majini itakuwa imenyooka. Acha hivyohivyo.

#37 Mkemia_Tengeru
Usiikwangue kwa kisu. Vua kifuniko tena, toa diaframu tena. Pasha nembo kwa kitambaa kilicholowa maji ya moto dakika 2 mpaka sponji ilainike, kisha pitisha uzi mwembamba wa kuvulia samaki chini ya ukingo, kamata ncha zote mbili, usukume na kuvuta kama msumeno, sambamba na kifuniko. Nembo itatoka nzima. Mabaki ya sponji yasugue kwa kidole gumba yatajikunja vijiti. Mkanda uleule haurudiwi, kata mpya.

#38 Pezi_la_Sakina
Uzi wa kushonea viatu hautafaa? Ndio nilio nao.

#39 KiboMoshi
Ule ni mnene na una nta, itabaki kwenye kitako na utarudi kwenye sabuni mara 3.